Pomboo Asiyepiga Mluzi

Jumatatu, 9 Juni
Wavuvi wametuletea mnyama aliyenasa wavuni. Mzima, ila ana jeraha mkiani. Wifi — mke wa kaka, meneja wa kituo hiki cha maonyesho ya pomboo, ndiye aliyeniingiza kazini — kafurahi: kapata mtoto wa pomboo wa kuwaonyesha wageni.

Daktari wa wanyama akamfungua kinywa. Si mtoto. Ni jike lililokomaa, udogo ndio umbo lake basi. Hana ule mdomo mrefu wa pomboo wetu. Uso umekatika ghafla. Meno bapa kama sepetu ndogo, si ya kuchongoka. Pezi la mgongoni fupi, pembetatu. Jamaa ya pomboo, lakini ukoo mwingine. Sisi wote tunawaita pomboo tu, na hapo ndipo tabu inapoanzia. Nimempa jina Kibutu.

Jumanne, 10 Juni
Kibutu kimya. Wale pomboo wetu wawili wa bwawa kubwa wanapiga miluzi kutwa kama watoto waliotoka darasani. Daktari akatumbukiza kifaa cha kunasa sauti, skrini ikajaa mistari. Kumbe anasema mfululizo, ila sauti ni ya juu mno, masikio yetu hayaifikii.

Anakula kila mara. Mwili mdogo, joto linamtoka upesi.

Wifi akapita, akauliza kama anaruka. Haruki. Je, atafundishika? Sijui.

Alhamisi, 12 Juni
Pampu ya bwawa dogo analokaa Kibutu imekufa. Kipuri hakipatikani wiki hii. Maji yameanza kugeuka kijani.

Wifi kaamua Kibutu ahamie bwawa kubwa. Nikamwambia pomboo wakubwa huwaua hawa wadogo — hawawali, wanaua tu. Daktari akaniunga mkono: aliwahi kupasua mzoga wa mmoja, mbavu za upande mzima zimevunjika.

Wifi: "Wote wananyonyesha, wote wanavuta hewa. Watazoeana."

"Chui naye ananyonyesha, wifi. Utamfungia na mbuzi?"

Kijana anayewalisha pomboo akacheka. Ningenyamaza tu.

Jioni kaka kapiga simu: kwa nini namvunjia mkewe heshima mbele ya wafanyakazi? Nikamweleza habari ya mbavu. Akasema yeye yuko katikati, tusimponde.

Jumamosi, 14 Juni
Tumeafikiana nusu nusu. Wavu umefungwa katikati ya bwawa kubwa. Jeraha likifunga, Kibutu arudi baharini. Tumemhamisha kwa machela. Hakupambana, alitetemeka tu.

Dume kubwa kati ya wale wawili limeacha miluzi. Limekaa kwenye wavu, linamtazama. Wageni wanapiga picha, wanasema wamependana.

Jumapili, 15 Juni
Daktari hayupo, kasafiri. Asubuhi dume limeanza kuupiga wavu kwa kichwa. Si mchezo. Linarudi nyuma, linakuja kasi, linapiga. Nikapuliza filimbi ya kuliita, halikuja. Ndoo ya samaki halikuitazama hata. Kibutu kajibana pembeni.

Nikaingia majini kuushika wavu. Kamba imenichana kiganja. Wageni walikuwa wanashangilia, nadhani walidhani ni onyesho.

Wifi akatoka ofisini. Akasimama ukingoni, akaona pigo moja, la pili. Fundo la juu likaachia. Akavua viatu, akaingia na nguo zake za kazi, akaniambia nitoke nifunge mkono.

Sasa naandika huku nimekaa ukingoni, kitambaa kimelowa damu. Wageni wametolewa. Kaka yuko njiani na lori na tangi la maji la kumchukua Kibutu. Nimemwambia awahi, akauliza ni mimi au mkewe anayemwita. Nikasema sote wawili.

Wifi yumo majini hadi kifuani, kaung'ang'ania wavu kwa mikono miwili. Nguo zimemvimba kama puto. Kaniuliza kama Kibutu anaumia. Nimesema anaogopa.

"Hata mimi," akasema.

Fundo jingine limeachia. Dume limefika mwisho wa bwawa, linageuka. Wifi ananiita nisimame kushotoni kwake. Nashuka.