Nyumba ya Mama Naiita Kibanda

Mpendwa Mama Mshauri, naomba msaada wako kabla ya Jumapili, maana Jumapili ndiyo mnunuzi anakuja kuiona nyumba yetu kule milimani Akita, nami ni mbeba zege hapa Tokyo, shule niliishia njiani, sijawahi kuuza hata baiskeli. Mama anaishi humo peke yake, magoti yamechoka, na kila majira ya baridi theluji inalala juu ya paa na mimi niko mbali, kwa hiyo tumekubaliana ahamie mjini, huko huko Akita, karibu na mke wangu na binti yetu, apate chumba cha chini kisicho na ngazi, na pesa za chumba hicho zitatoka kwenye kuiuza nyumba hiyo au hazitatoka popote.

Juzi mvua ilisimamisha kazi, nikawaomba wenzangu wa bweni la wafanyakazi tufanye mazoezi, Mzee Kuwabara awe mnunuzi, mimi muuzaji. Akapiga hodi, akavua viatu kabisa, nami nikainama nikasema kama nilivyolelewa, "Karibu kwenye kibanda chetu kibovu, samahani sana kwa uchakavu."

"Kibovu?" akasema. "Basi nusu bei."

"Hata nguzo zake ni za kizamani, zinatia aibu," nikaendelea, mdomo umeshika njia yake.

"Basi robo. Tena jiko nitalivunja."

Hapo nilimkunja shati, Mama Mshauri, nikamwambia jiko la mama yangu haliguswi na mtu, wenzangu wakaanguka kwa kicheko.

"Wewe Shigezo," Kuwabara akasema huku akijinasua, "kwanza unanigawia bure, halafu unataka kunipiga. Mnunuzi gani atakaa?"

Tukarudia, nikajaribu kuisifu nyumba, sauti ikakwama, nikajiona mtu wa majivuno. Nilipompigia simu mke wangu Tamiyo akasema, "Baba Chizuru, wewe kaa kimya, mwachie Kuwabara auze." Alikuwa anatania, lakini neno lile limenikaa moyoni. Je, nimwachie mtu mwingine, au hata mtu kama mimi anafundishika?

Mbeba zege wa Akita

*

Ndugu Mbeba Zege,

Nimecheka, kisha nikakuonea huruma, kisha nikataka kukuvuta sikio. Anayesema kizuri chajiuza hajawahi kuuza nyumba. Mnunulie Kuwabara kinywaji: makosa hayo ungeyafanya Jumapili, mama yako angebaki na theluji yake.

Unyenyekevu wako upeleke kwenye chai. Sema chai ni nyepesi, sema figili za achari mlizomwandalia zimezidi chumvi. Hakuna atakayeshusha bei ya nyumba kwa sababu ya figili. Ukifika kwenye nguzo, usisifu wala usiponde, eleza. Nani alikata miti hiyo, paa lilibadilishwa lini, wapi panavuja. Ndiyo, panapovuja pataje. Akitamka bei, kunywa chai yako. Ikiwa ndogo, sema utazungumza na watu wa nyumbani. Sote tunajua maana yake ni hapana. Na akisema atavunja jiko, mwache avunje. Unaiuza nyumba, ndugu yangu, huikopeshi. Kama kuna kulia, lieni na mama kabla mgeni hajafika.

Usimwachie mtu. Jumamosi mfanye Tamiyo awe mnunuzi. Huyo hatakuonea huruma.

Lakini kuna jambo hukuliona. Jumapili mama yako atakuwa amekaa hapo hapo. Ukisema kibanda kibovu unadhani unajishusha wewe. Sakafu hiyo kaisugua nani miaka yote? Naye atainama aombe radhi kwa uchakavu, ndivyo alivyolelewa. Najua hatuwasifu watu wetu mbele ya wageni. Siku hiyo vunja mwiko. Mgeukie mnunuzi umwambie, "Mama anaona haya tu. Ameitunza vizuri sana."

Sauti ikikwama hapo, iache ikwame. Kisha kohoa, utaje bei iliyo juu kidogo ya ile uliyopanga.