Cherehani Ndani ya Wimbo

Mdogo wangu msanii,

Huku hatujambo. Ule wimbo wako wa roki laini umeshika namba moja redioni wiki ya tatu sasa, na kinyozi anatamba eti yeye ndiye aliyekufundisha gitaa.

Jana mtangazaji alisifu mdundo unaosikika nyuma ya sauti yako. Nilicheka peke yangu. Laiti angejua kuwa ni cherehani ya Mama, aliyekataa kuacha kushona sare za shule ulipokuwa unarekodi sebuleni.

Wimbo ukianza, Mama huniamuru niongeze sauti. Usivimbe kichwa. Tangu mkono wake wa kulia upooze mwezi uliopita, cherehani tumeifunika shuka. Hakusikilizi wewe. Anajisikiliza akishona.

Dada yako,
mwongeza sauti