Hakukuwa na Lori la Pili

Nyumba za Wafanyakazi Na. 12,
Kiwanda cha Mbao,
S.L.P. 47.
9 Juni

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zangu nyingi. U hali gani na baridi yenu? Wifi mgongo unamsumbua bado? Na wale wanangu wawili, wameshazoea shule mpya? Sisi huku tunaamka, tunakula kidogo, tunalala. Presha ya Mama imeshuka, ila hataki shuka la Baba lifuliwe, nasi hatumlazimishi.

Barua yako ilifika Jumanne. Unasema umepata wakili, unataka jina la dereva wa lori lililomgonga Baba barabara kuu. Kaka, kama umesimama, kaa. Hakukuwa na lori la pili. Baba Mdogo alikwambia vile kwenye simu ili anisitiri mimi, nami kwa miezi miwili nimekaa kimya nikisitirika. Ungetulia ungeshtuka mwenyewe: yale magari yetu ni mapana mno, hayaruhusiwi kukanyaga barabara kuu. Yanatoka msituni yanaishia uwanja wa kiwanda. Nani angemgonga huko?

Ulipoondoka nilikuwa bado shule, kwa hiyo kazi yangu huijui vizuri. Naendesha mashine ya kupakia, ile yenye mkono mrefu na kucha za kunyakua magogo. Gari la Baba lilikuwa na nguzo nne za chuma, mbili mbele na mbili kwenye tela. Mimi napanga magogo katikati ya nguzo, mazito chini, na la juu kabisa halitakiwi kupita ncha zake. Dereva anapitisha minyororo juu ya mzigo na kuikaza. Gari likifika kiwandani, mashine ya kule inayakumbatia magogo kwanza, ndipo dereva alegeze minyororo. Nguzo nazo huangushwa kwa wenzo ulio upande wa pili, asikae mtu magogo yanakoangukia.

Haya yote alinifundisha yeye. Unakumbuka walivyomwita Taratibu? Mpaka mwisho aliendesha hivyo hivyo. Akirudi mtupu, tela limepandishwa juu ya gari, alikuwa akinipigia honi na kusema, “Umeona? Hata mashine inambeba mwanawe mgongoni.” Kila siku utani ule ule, na kila siku anacheka yeye peke yake.

Siku ile mawingu yalikuwa yameshika tangu asubuhi. Msimamizi alitaka gogo moja zaidi kabla barabara haijageuka tope. Nikaliweka. Baba akazunguka gari, akatazama juu, akaniambia, “Mama, hilo limechungulia.”

Lilikuwa limechungulia kweli, limepita ncha za nguzo. Nililiona. Lakini msimamizi alikuwa amesimama pale, na wakataji wote wanatazama, nami ndiye mwanamke pekee kwenye kazi ile. Nikamjibu, “Na wewe Baba! Miaka thelathini na moja, leo unaogopa gogo moja?”

Wakataji wakacheka. Baba naye akacheka, akakaza minyororo, akapanda, akaenda. Kaka, hayo ndiyo maneno yangu ya mwisho kwake.

Kiwandani mashine ya kupakulia ilikuwa imepasuka paipu, fundi hajafika, na magari matatu yamejipanga nyuma yakipiga honi. Mzee anayepima magogo alikuwepo, ndiye aliyenieleza. Anasema Baba aliona mzigo umehama njiani na mnyororo wa mbele umekaa vibaya. Akataka kuulegeza kidogo aukaze upya, bila mashine kuyashika magogo. Yule yule aliyemfukuza dereva mwenzake kwenye gari kwa kosa hilo hilo! Mnyororo ulipolegea tu, gogo la juu likashuka upande aliosimama.

Hakufa pale pale. Mpima magogo alikaa naye chini, amempakata kichwa. Baba akamwambia, “Mwambie binti yangu nilifungua mwenyewe.” Akarudia tena, “Mwenyewe.” Hakusema lingine.

Ujumbe huo niliupata siku ya tatu baada ya maziko. Watu wanadhani ulinipoza. Kaka, ulinimaliza. Kumbe hata pale chini alikuwa anajua nitajilaumu, akatumia pumzi aliyobakiza kunitetea. Ni kweli alifungua mwenyewe. Na ni kweli gogo nililiweka mimi.

Jana nilimwambia Mama. Alikuwa anamenya vitunguu. Akaweka kisu chini, akasema, “Nilijua. Shemeji yangu hajawahi kuweza kudanganya.” Nikangoja anilaani. Akaniuliza, “Umekula?”

Msimamizi amehamishwa, na nguzo zote zimepakwa mstari mwekundu, gogo lisiuvuke. Mimi nimeitwa nirudi kazini. Wiki iliyopita nilifika mpaka kwenye ngazi ya mashine, mguu ukagoma. Wakataji waligeukia pembeni, wakajifanya hawajaniona. Nikarudi nyumbani kwa miguu.

Basi mwambie wakili aache, hakuna wa kumtafuta. Ukitaka kunikasirikia, ni haki yako, sitajitetea. Ila usinikasirikie kwa kunyamaza. Njoo unifokee hapa hapa sebuleni, Mama akisikia. Tumebaki watatu tu.

Nisalimie wifi, na ubusu watoto. Baba Mdogo anakusalimu, anaona aibu kukuandikia. Mama anasema Mungu awe blanketi lenu huko.

Wako akupendaye, hata usipojibu,

Dada yako