Santuri Kumi na Mbili za Bwana Klarineti

Muscat, 4 Januari 2024

Dada yangu Masouda,

Assalamu alaikum. U hali gani huko Qurayyat? Sisi wazima. Nnakuandikia barua kwa vile kwenye simu umenifungia.

Zile santuri za marehemu baba, za yule Mmarekani mpiga klarineti na bendi yake, zimeota ukungu. Nimepata mnunuzi. Wewe ndiye uliyekuwa ukikaa na baba akizisafisha. Alitumia nini?

Kaka yako,
Khattab

Qurayyat, 9 Januari

Kaka Khattab,

Waalaikumu salaam. Mzima, ila magoti.

Kwa santuri umenikumbuka. Alipofariki baba hukunikumbuka. Kutoka hapa hadi kwako ni saa moja na kitu, ukamzika asubuhi, mimi nikapigiwa simu adhuhuri. Hata uso wake sikuuona.

Haya, yamepita. Tumia spiriti, ile ya kusafishia vidonda. Tia kwenye pamba, sugua taratibu, pande zote mbili.

Dada yako,
Masouda

Qurayyat, 30 Januari

Kaka,

Salamu sana, na watoto wote. Mbona kimya? Bwana Klarineti kaonekanaje baada ya kuogeshwa?

Dada yako

Muscat, 16 Februari

Masouda,

Assalamu alaikum. Sisi wazima. Pamba ilipotoka nyeusi nilidhani ni uchafu, nikazidi kusugua. Kumi na moja zimekwisha, ukiziweka kwenye gramafoni ni mkwaruzo mtupu. Mnunuzi kaniambia santuri za zamani hizo zimefanywa kwa lakiri, kama ile ya mihuri, na spiriti inaiyeyusha. Kisha akaenda zake.

Ya kumi na mbili sikuiosha. Baba kaandika juu ya bahasha yake, "Ya Masouda". Nikaona haya kuiuza.

Nambie kweli, ulijua?

Khattab

Qurayyat, 20 Februari

Kaka Khattab,

Waalaikumu salaam.

Nnajua tangu nna miaka tisa. Baba alinipokonya chupa ya spiriti mkononi, akanifundisha maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo. Wewe ulikuwa nje unacheza mpira.

Barua yako nimeisoma jikoni, nikacheka mpaka nikakaa chini. Baadaye nikalia, maana na mimi nilizipenda, na baba alizipenda kuliko sote. Lakini sijuti.

Yangu mpe dereva wa teksi, uifunge kwa shuka. Simu nimekufungulia.

Hizo kumi na moja zizike wewe asubuhi. Mimi nipigie simu adhuhuri.

Dada yako,
Masouda