Wananishukuru kwa Wema Ambao Sikuufanya

Mpendwa Maman Adélaïde,

Nakuandikia nikiomba unisaidie, na nakusihi usiweke jina la ukoo wangu gazetini, niite Évariste tu, maana hapa Bukavu wenye diploma ya chuo kikuu hatujazi hata benchi moja la kanisa, na ukisema zaidi ya hapo kila mtu atanijua.

Nilimaliza masomo Léopoldville mwaka jana, 1958, mwezi wa saba, na niliporudi kwetu Nyantende walipika, wakacheza, mama yangu Agnès alilia kwa furaha mpaka sauti ikakauka, halafu watu wakaanza kuuliza sasa utakuwa nani, mwalimu, karani, upadri ulikataa, nami nikawaambia nimechukuliwa na biro moja ya Wabelgiji iliyofunguliwa hapa mjini, biro ya washauri, wenye kazi ya kwenda kwenye usine, yaani viwanda, na mashamba ya watu, kuangalia namna kazi inavyofanyika, na kumwambia mwenyewe abadilishe nini. Papa yangu akauliza, "Mwenye usine hajui usine yake?" Nikasema, "Anaijua, papa, lakini anataka mtu mwingine aiangalie." Akanitazama sana, akasema, "Haya. Mradi wasikufukuze."

Chef wangu, mkubwa wa biro, tumwite Bwana Hendrickx, ni injinia, alinifundisha miezi mingi nikimfuata nyuma, kisha akanipa kazi ya kwanza ya peke yangu kwenye usine moja ya kahawa, njia ya kwenda Nyangezi, ambako wamama ishirini na wanne wanakaa kwenye meza ndefu wakichambua kahawa, nzuri huku, mbaya huku. Nilipewa saa ya kupimia kazi, ile unabonyeza inaanza, unabonyeza inasimama, na karatasi za siku nne, nisimame nyuma ya wamama niandike kila karai linachukua dakika ngapi. Siku ya kwanza walinyamaza kabisa, na mimi nikaandika. Siku ya pili maman Eulalie, jirani yetu wa Nyantende aliyenibeba mgongoni nikiwa mtoto, aliacha kahawa, akageuka, akasema mbele ya wote, "Évariste, mutoto ya Agnès, sasa unatuhesabia mpaka pumuzi?"

Wote wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, najua sasa, lakini mimi na tai yangu shingoni masikio yaliwaka moto, na siku ya tatu nilipanda baiskeli asubuhi, nikafika pale barabara inapoanza kupanda, nikageuza. Nilikwenda kukaa katika chumba cha vitabu cha parokia nikajaza karatasi ya siku ya tatu, na kesho yake nikajaza ya siku ya nne, mistari yote, dakika na sekunde, kutoka kichwani mwangu, nikifuata zile za siku ya kwanza na kuweka tofauti ndogo ndogo ili zionekane za kweli. Maman, niliona aibu kusimama nyuma ya wamama wale, nikaona afadhali niwaandike bila kuwaona.

Karatasi zikapigiwa hesabu, na hesabu ikasema kazi ya meza ile ni ya polepole mno, wamama tisa waondolewe. Bwana Hendrickx akanipiga begani, akasema kazi yangu ni safi. Rapport, ile taarifa ya kazi, ikapigwa mashini, ikatiwa ndani ya bahasha ipelekwe Ijumaa, lakini mwenye usine alikwisha kuambiwa kwa simu, na Jumatano nilikutana sokoni Kadutu na kapita wa pale, msimamizi wa wamama, Donatien, akaniambia kama mtu anayenipa habari njema, "Nimekwisha chagua tisa. Naanza na wenye wamezeeka. Maman Eulalie wa kwanza."

Alhamisi asubuhi niliingia kwa Bwana Hendrickx kabla hajavua kofia.

"Bwana, karatasi mbili ni za uongo."

"Uongo namna gani?"

"Sikuwa pale. Niliziandika nimekaa mahali pengine."

Hakunitukana. Ningependa anitukane. Alichukua bahasha mezani, akaichana vipande vinne, akachukua ufunguo wa gari, akasema neno moja tu, "Twende."

Tulisimama kwenye usine ile siku mbili na nusu, yeye upande mmoja wa meza na mimi upande mwingine, na ukweli ukaonekana, kwamba mikono ya wamama haina kosa lolote, kosa ni kwamba wanaketi saa moja na kahawa inafika saa tatu kutoka kwenye uwanja wa kuanikia, na mimi hata zile siku mbili za kweli nilihesabu kungoja kwao kuwa uvivu, sikuuliza hata mara moja kwa nini makarai ni matupu. Rapport mpya ilisema uwanja wa kuanikia upangwe vingine, yaongezwe magari mawili ya kusukuma, na asiondolewe mtu. Mwenye usine akakubali palepale. Tuliporudi mjini Bwana Hendrickx alisema bila kunitazama, "Ukirudia, unatoka. Leo unabaki." Nilishuka mbele ya posta nikakaa kwenye ngazi kwa furaha tu, na watu wakanipita wakidhani nangoja barua.

Ningeishia hapo ningekuwa nimekuandikia habari njema. Lakini Donatien aliwaambia wamama kwamba tisa walikuwa waondoke, na kwamba Évariste ndiye aliyegombana na mzungu mpaka karatasi ikapasuliwa! Jumapili maman Eulalie alifika kwa mama yangu na kuku, wamama sita nyuma yake, wakaimba nje ya nyumba, na sasa mama anasimulia parokia nzima, na kuku amefungwa mguu nyuma ya jiko, atapikwa Jumapili hii, na nimeambiwa kiti changu ni cha katikati. Nikisema kweli nitamwaibisha mama. Nikinyamaza, sijui nitamezaje. Nimefikiri kuiacha kazi hii ya ushauri kabisa, niende kufundisha shule ya misioni mbali huko Shabunda, mahali ambapo hakuna mtu atakayenishukuru kwa kitu. Nifanye nini, maman?

Ni mimi, Évariste

*

Évariste mwanangu,

Barua yako niliisoma nimesimama, mkono mdomoni, na nilipofika pale bahasha inapochanwa ndipo nikatafuta kiti. Namshukuru Mungu pamoja na wewe. Katika kazi hii yangu naletewa barua nyingi mambo yakiwa yamekwisha haribika, mtu amekwisha fukuzwa, mke amekwisha kwenda kwao. Ya kwako imefika watu wote ishirini na wanne wakiwa bado wameketi mahali pao. Jibu hili nalipeleka kwanza kwa posta, kabla ya kulichapisha, maana huyo kuku hatangojea gazeti.

Sasa nikugombeze kidogo. Ulisoma miaka yote ile, ukashindwa na kicheko cha wamama! Ulidhani diploma itakukinga usichekwe? Mimi nimezaa saba, na kila mmoja amenicheka. Na tena unaandika "niliona aibu" kama vile aibu ilikuja na baiskeli yake ikakugeuza njiani. Wewe ndiye uliyegeuza. Na kwa sababu ya aibu ya asubuhi moja, mwanamke aliyekubeba mgongoni alikuwa mbele kwenye orodha ya kutoka.

Lakini ulikwenda kusema, na ulisema mwenyewe, kabla hujashikwa, kwa mtu aliyeweza kukutoa siku ileile. Hilo nimeliona. Usifikiri sikuliona.

Habari ya kwenda kufundisha, iache. Shule si mahali pa kuficha watu wenye makosa. Ukiona aibu mbele ya wamama ishirini na wanne, mbele ya watoto sitini utafanyaje, utawapa alama kutoka kichwani? Baki kwenye kazi yako. Ni kazi mpya kwetu, na ni afadhali aifanye mtu ambaye amekwisha ogopa mara moja namna namba zinavyoweza kumtoa mtu kwenye meza yake. Ila tafuta namna nyingine ya kuifanya. Nani alikuambia usimame nyuma ya watu? Kama ni chef, mwambie umekataa. Pita mbele, salimia, sema jina lako, sema karatasi hizo zinakwenda kwa nani na zitafanya nini. Wakicheka, cheka nao, kisha ubonyeze saa yako.

Na hawa wamama lazima uwaambie. Si kesho kutwa, si baada ya Pasaka. Mwambie mama yako kwanza, mkiwa wawili, umeketi chini. Ataumia, atapona. Halafu nenda kwenye usine kabla ya Jumapili, uombe kapita akupe nafasi wakati wa mapumziko, useme kwa lugha ya nyumbani, si Kifaransa. Usiseme "nilikosea hesabu," maana hukuhesabu. Usipeleke zawadi. Usilie pale, maana ukilia watalazimika kukubembeleza, na wao ndio waliokosewa. Sema, nyamaza, na ukubali lolote watakalosema.

Na kabla hujasema usile kuku wa mtu.

Maman Adélaïde

*

Barua yake ya pili imefika Jumanne, na ameniruhusu niwape ninyi wasomaji jinsi ilivyo.

Maman Adélaïde,

Nilimwambia mama Ijumaa. Aliacha maharage aliyokuwa anachagua, akasema, "Kesho tunaenda wote wawili." Nikamwambia kwamba wewe ulinituma mimi, si yeye, akasema, "Huyo maman hakukuzaa." Basi tukaenda wote wawili, kwa miguu, yeye mbele.

Nilisema kwa Mashi, lugha yetu ya nyumbani, nimesimama mbele ya meza, mikono nyuma. Euphrasie, mkubwa wa meza, hakuelewa upesi. Aliniuliza kwa Kiswahili, ili hata Donatien, asiyejua Mashi, asikie, "Zile siku haukukuja, tulisema uko kule kwa wazungu unatusemea."

"Hapana, maman. Nilikuwa nimejificha."

Hapo walielewa. Maman Eulalie alifungua mikono yake akaitazama.

"Hii mikono, uliandika iko pole, na haukuiona?"

"Ndiyo, maman."

"Na mimi ningetoka wa kwanza."

"Ndiyo."

Akanigeuzia mgongo, akavuta karai lake, akaanza kuchambua ingawa mapumziko yalikuwa bado hayajaisha. Nilidhani mambo yameishia hapo. Mama akasogea, akasema kwa sauti ndogo, "Eulalie, kuku nitakurudishia." Maman Eulalie akajibu bila kugeuka, "Kuku iko yako, Agnès. Wewe haukuandika kitu. Huyu wako ndiye asikule."

Kwanza alicheka Euphrasie, halafu meza nzima, na mama yangu akacheka mpaka akajifuta macho kwa kitenge. Maman Nsimire, anayeketi mwisho wa meza, peke yake hakucheka. Nilipomuaga hakunijibu, na nadhani ana haki yake. Maman Eulalie aliniita niketi kando yake, akaniwekea karai mbele, akanionyesha punje yenye tundu na punje iliyovunjika, akanipiga mkono kila nilipokosea, na mpaka mapumziko yanaisha sikuwa nimemaliza hata nusu.

Jumapili walipika kuku. Papa yangu alikula paja akinitazama, mimi nikala maharage, na hakuna mtu aliyenionea huruma. Bwana Hendrickx naye nimemwambia kwamba kwenye kazi mpya, ya matofali, nitaanza kwa kuwasalimia watu wote nikiwa mbele yao, siku nzima ya kwanza bila saa. Alisema siku nzima ni nyingi. Nikasema ni siku moja. Akasema, "Nusu," nikakubali.

Leo nimetoka huko kwenye matofali mara ya kwanza. Walinicheka kwa sababu ya viatu vyangu. Wakati wa kurudi, nikishuka na baiskeli kuelekea ziwani, nilijikuta naimba kwa sauti yote, polisi akanitazama vibaya, nikamsalimia, nikaendelea kuimba.

Évariste