Maelewano Yapo

Songea, Jumamosi, Septemba 1992

Mkandarasi mwenyewe alitutajia bei, mimi na Baba, kisha akatamka, "Gharama ya kuchimba mifereji ni hiyo, ila maelewano yapo," nami, nikitaka atambue kwamba anazungumza na msomi, nikajibu papo hapo: "Tumekubali."

Akacheka, akanipa mkono upesi. Baba, ambaye bondeni kwake mahindi huoza kwa maji yaliyotuama, aliniuliza tulipofika nyumbani:

"Mwanangu, kupatana bei nako ni aibu?"

Nilidhani kuomba kupunguziwa ni kujishusha. Kumbe nimemshusha yeye, mbele ya mkandarasi.

Jumatatu atauza ng'ombe wake wa kulimia ili alipe. Nimejitolea kumsindikiza mnadani.

"Wewe baki," amenijibu taratibu. "Mnunuzi akitaja bei, utakubali."