Treni Aliyoingoja Mama

Skelbeck, Yorkshire
Septemba 1998

Kaka yangu mpendwa Clifford,

Salamu tele kutoka nyumbani. Je, kile kifua kimekupa nafuu huko New Zealand? Sisi wazima. Mama analalamikia magoti, ila ulimi wake haujambo kabisa.

Nina habari za ile stesheni yetu. Kijiji kinataka kuandika historia yake, nami nikaanza kuulizauliza: nani aliijenga, treni ya mwisho ilibeba nani, na mbona mama hapiti hata karibu yake. Unakumbuka alivyolia ilipofungwa, nasi tukiwa wadogo? Tulidhani anamlilia babu Wilfred, stesheni masta aliyepoteza kazi.

Nikamwendea jirani yetu, Bi Edna. Akanimiminia chai huku akicheka: "Umbea huo umerithi kwa nani? Babu yako hakudondosha chozi! Alikwenda zake kulima vitunguu." Kisha akapunguza sauti. Akanieleza kwamba Vita Vikuu vya Pili vilipoanza, watoto wa mji wa Hull waliletwa kwa treni wafichwe mashambani, mbali na mabomu, na wenyeji wakaja kuwachagua palepale jukwaani. Akabaki mmoja, kasichana kenye makamasi, hakuna aliyekataka. Babu akafunga ofisi, akamshika mkono, akampeleka kwa bibi.

Clifford, mtoto huyo ni mama. Babu hakumzaa.

Nilirudi nyumbani, nikamkuta mama anamenya viazi. Nilipomuuliza hakuinua uso. "Edna naye! Mdomo hauna kufuli." Baadaye akasimulia kwamba mama yake alimwahidi kumfuata kwa treni. Bomu likaanguka mtaani kwao, likamuua. Wakubwa walimweleza, akaitikia, lakini moyo ulikataa. Akaolewa, akatuzaa, na bado kila treni iliposimama alichungulia dirishani. "Walipong'oa reli," akasema, "ndipo nilipofiwa."

Jana aliniomba mwenyewe nimpeleke stesheni. Jukwaa limemezwa na magugu. Aliketi ukingoni, miguu inaning'inia kama mtoto, akanitajia jina la mama yake: Hester. Akasema, "Haya, liandikeni hilo kwenye historia yenu."

Nimeona usilisikie jambo hili kwa mtu mwingine. Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana, na anasema usimwahidi kuja. Njoo tu.

Dada yako akupendaye,
Muriel